Mwana wa Mgema na Chupa ya Puglia

"Umewahi kula blakiberi wewe?"

Aliyeniuliza alikuwa mzee wa Kiitaliano, mmoja wa wale wanaoshuka Malindi kaskazi inapoanza na kukaa mpaka mvua za masika ziwafukuze. Hakuuliza kwa ubaya. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwa meza yake, kitambaa cheupe mkononi, nimemmiminia kidole kimoja cha mvinyo mwekundu aonje, huku namkariria niliyoyashika kwa moyo: una harufu ya cheri, blakiberi na plamu iliyoiva, ni laini, unanyweka bila taabu. Nilisema kwa Kiitaliano, tena cha kuteleza, maana Malindi Kiitaliano tunakiokota barabarani kama kunazi. Akanisikiliza mpaka mwisho, ndipo akatupa hilo swali.

Blakiberi niliyoijua mimi ilikuwa simu, ile BlackBerry yenye vitufe vidogo kama punje za mtama, na hata hiyo sikuwahi kuimiliki. Nikamwambia kweli: la, sijawahi. Na cheri je? Cheri niliwahi kuiona, moja tu, juu ya keki ya harusi ya mtu. Mzee akacheka, akanipigapiga mkono, akasema basi haidhuru, mimina. Bakshishi aliyoniachia ilikuwa nzuri. Lakini usiku ule, nikitembea kurudi nyumbani Muyeye, nilijiona kasuku. Maneno yote niliyokuwa nikiwaambia wateja kuhusu ule mvinyo niliyatoa kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa chupa. Hakuna hata moja lililowahi kupita kwenye ulimi wangu.

Na hilo lilikuwa aibu maradufu kwa sababu mimi ni mwana wa mgema.

Wasiojua kazi hiyo huijua kupitia methali tu, ile ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baba haipendi hata kidogo. Husema ilitungwa na walevi waliokuwa na deni. Yeye amegema maisha yake yote, minazi ya kijiji chetu cha Ganda, asubuhi na jioni, kotama kiunoni na kibuyu begani, akiparaga kwa vikato vilivyochongwa kwenye shina. Akifika juu hukikata kikole cha ua la mnazi kwa wembamba wa ukucha ili utomvu uendelee kutoka. Utomvu ukitoka ni mtamu kama maji ya miwa. Saa chache tu hamira ya hewani imeshaufanyia kazi, na jioni lile la asubuhi limekuwa tembo hasa, lenye povu na makali. Likilala siku mbili ni siki. Kigiriama tunaliita uchi, na wageni wa bara hucheka wakisikia watu wazima wamekaa chini ya mwembe wanakunywa uchi.

Nilipokuwa mdogo baba alikuwa akinidondoshea tone kwenye kiganja kabla ya kupeleka madumu mangweni, kule tembo linakouzwa na kunywewa. "Nusa kwanza," huniambia. Ningenusa, ningelamba, ningemwambia: hili limelala, hili la leo, hili limeingia maji ya mvua. Sikukosea mara nyingi. Kwa hiyo pua nilikuwa nayo. Nilichofanya nilipopata kazi mkahawani ni kuiacha mlangoni pamoja na ndala, nikavaa viatu vyeusi na kuanza kusoma chupa.

Mwenye mkahawa tulimwita Signora. Alikuwa mama wa makamo kutoka Puglia, ule mkoa ulio kwenye kisigino cha kiatu, ukiitazama ramani ya Italia. Waitaliano na Malindi wana historia yao. Miaka ya 1960 walijenga kituo cha kurushia satelaiti pale Ngomeni, na mwaka 1967 jukwaa la San Marco likarusha satelaiti yake ya kwanza kutoka baharini. Nyuma ya wahandisi wakafuata watalii, nyuma ya watalii wapishi wa pasta, na nyuma ya wapishi ikafuata chupa. Ndiyo maana mji huu, ambao nusu yake hairuhusiwi pombe na dini na nusu nyingine inakunywa tembo, una mikahawa yenye kabati za mvinyo ndefu kuliko kabati za nguo.

Nilimweleza Signora habari ya blakiberi kama kichekesho. Hakucheka. Ilikuwa Mei, kusi limeanza, wageni wameondoka, Mto Sabaki umefurika na kuigeuza bahari yote rangi ya chai ya maziwa. Mkahawa ulikuwa mtupu. Akaniambia, kwa Kiswahili chake kisichojua ngeli, "Kaa hapa. Leo wewe mteja." Akaweka glasi tatu mezani karibu na jiko na chupa tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya zabibu nyeusi za kwao ziitwazo Negroamaro, peke yake. Ya pili ya aina nyingine ya zabibu za kwao, Primitivo, peke yake. Ya tatu ni ule ule niliokuwa nikiuimba kila usiku, ambao ni mchanganyiko wa hizo mbili.

Kabla sijagusa chochote akaniambia nizibe pua kwa vidole, ninywe funda moja ya hiyo ya tatu. Nikanywa. Akauliza unapata nini. Nilipata maji ya kugwaduka kidogo, makali kidogo ya pombe, na mkwaruzo mdogo kwenye fizi. Basi. Hakuna tunda, hakuna kitu. Ningeweza kuapa nimenyweshwa maji ya ukwaju yaliyosahau sukari. Kisha akasema, bado umelishika mdomoni, achia pua.

Nikaachia.

Nitakavyoeleza sitawatendea haki. Ni kama mtu alifungua dirisha nyuma ya kinywa. Ile harufu haikuingia kwa mbele, ilipanda kutoka kooni kuja puani, na ilikuja na mti mzima. Nikajikuta nasema kwa sauti, "Zambarau!"

Si cheri. Si blakiberi. Zambarau, tena si ya kuchuma mtini bali ile iliyoiva mpaka ikaanguka yenyewe, ikapasuka kidogo mchangani chini ya mti, ukaiokota na kuipangusa kwenye shati na mama akakuchapa kwa lile doa. Nyuma yake palikuwa na kitu kingine, kizito zaidi, kama tende iliyolowekwa. Na mwisho kabisa, mvinyo ulipokwisha kushuka, ukabaki uchungu mdogo sana kama wa maganda ya kahawa.

Signora hakujua zambarau ni nini. Msimu ulipofika nilimletea fungu kutoka sokoni. Akala tano au sita, ulimi ukawa buluu, akautoa mbele ya kioo cha baa akajitazama na kucheka kama mtoto. Halafu akachukua moja ambayo haikuiva vizuri, akaitafuna, na uso ukakunjamana. "Tannino," akasema. Neno hilo nilikuwa nikilisoma kwenye chupa kwa mwaka mzima bila kujua kwamba tulikuwa na letu nyumbani: ukakasi. Ni kile kinachokushika fizi ukila bibo, au ndizi mbichi, au ukinywa chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa nyeusi. Mate huacha kuteleza, na kinywa kinakuwa kama kimepigwa msasa. Kitu kinachofanya hivyo kimo kwenye maganda na kokwa za zabibu, na kinashikana na protini ya mate kama kinavyoshikana na ya maziwa unapoyatia kwenye chai kali. Ndiyo sababu mvinyo wenye ukakasi mwingi hutulia ukinywewa na nyama.

Kutoka siku ile nilianza daftari. Sikuandika neno la matunda nisiyoyajua. Niliandika zambarau mbivu, zambarau changa, kungu, tende, bungo, ukwaju, mabuyu ya rangi, ngozi ya kiatu kipya, karafuu. Na kile cha ajabu nilichokigundua ni kwamba wateja walinielewa zaidi. Mtu wa Milano hajui bungo ni nini, lakini ukimwambia ni tunda letu la ugwadu unaokufanya ufumbe jicho moja, anajua mara moja unachosema, na anataka kuonja. Nilipokuwa nikimtajia cheri alikuwa akitikisa kichwa tu.

Nimesema mchanganyiko, na hapo ndipo penye utamu wa habari yenyewe.

Ile glasi ya Negroamaro peke yake ilinishinda. Nyeusi, yenye harufu ya majani makavu, na uchungu wake unakusubiri mwishoni kama mdai mlangoni. Primitivo nayo ilikuwa imezidi upande wa pili: imeiva, nzito, harufu ya jemu, joto la pombe linapanda mpaka masikioni. Glasi moja inapendeza, ya pili inachosha. Lakini zikiwekwa pamoja, kila mmoja anamshika mwenzake mkono. Uchungu wa mmoja unakata uzito wa mwingine, na unabaki na kitu kinachopita kooni bila kubisha hodi. Nilikuwa nikidhani mvinyo wa kunyweka kwa urahisi ni mvinyo wa watu wasiojua, mabaki yaliyokusanywa kwenye pipa moja. Wahudumu wenzangu wengi bado wanadhani hivyo, na humnyoshea mteja kidole cha dharau kimoyomoyo anapouagiza. Wamekosea. Kuufanya mvinyo uwe mgumu ni rahisi, unaacha tu maganda yakae.

Jambo hilo nililiona mwenyewe kwa zabibu nyeusi za dukani. Imenye zabibu: ndani nyama yake ni nyeupe kama ya zabibu nyingine yoyote, na maji yake hayana rangi. Wekundu wote uko kwenye ganda. Mvinyo mwekundu ni maji ya zabibu yaliyolala na maganda yake, kama majani ya chai kwenye birika, na kadiri yanavyolala na kukorogwa ndivyo rangi na ukakasi vinavyozidi. Anayetaka mvinyo ambao tunda linatangulia huyaondoa maganda mapema, halafu huuhifadhi kwenye matangi ya chuma badala ya kuuweka muda mrefu kwenye mapipa mapya ya mwaloni, kwa sababu mbao hizo huleta harufu zake, za vanila na moshi na viungo, na tunda hujificha nyuma yake. Huuza ungali kijana. Mvinyo wa namna hii haungoji miaka 10 kabatini, na anayeuweka hivyo kwa kujisifu anaupoteza.

Puglia yenyewe ina mkasa ambao Signora alikuwa akiusimulia kwa uchungu kidogo. Kwa muda mrefu mvinyo wa kwao ulipakiwa kwa wingi na kupelekwa kaskazini, ndani ya Italia na hata Ufaransa, kwenda kuongezwa kwenye mvinyo wa mikoa ya baridi uliokosa rangi na nguvu. Waliuita vino da taglio, mvinyo wa kukatia. Jina la Puglia halikuandikwa kwenye chupa hizo. "Sisi tulikuwa chumvi," akasema, "hakuna mtu anasifu chumvi." Baadaye wataalamu wakapima vinasaba na kukuta kwamba Primitivo ya kwao ndiyo ile ile Zinfandel ambayo Wamarekani wa California walikuwa wakijivunia kama yao. Hapo ndipo watu wakaanza kuitafuta kwa jina.

Kuchanganya si jambo la jana. Yuko mtu aliyeitwa Bettino Ricasoli, baroni wa Toscana ambaye pia alipata kuwa waziri mkuu wa Italia. Mwaka 1872 alimwandikia profesa mmoja barua kuhusu mvinyo wa Chianti, akieleza kila zabibu inaleta nini: Sangiovese harufu na nguvu, Canaiolo utamu wa kupunguza ukali wa Sangiovese, na Malvasia, ambayo ni nyeupe, ya kuufanya mvinyo uwe mwepesi na ufae kunywewa kila siku mezani. Kwa ule wa kuwekwa miaka mingi, alisema, Malvasia iachwe. Mwanamume mzima, aliyekwisha kuongoza nchi, ameketi anapima kiasi gani cha wepesi kitiwe ili watu wapate cha kunywa na chakula chao. Nilipoisikia hiyo nilifikiria methali ya mgema. Kuna kutia maji, na kuna kutia wepesi, na ndimi zinazoijua tofauti ni chache.

Mpishi wetu, mama wa Kiswahili wa Shella, hakuwa akigusa chupa hizo wala chungu kilichotiwa mvinyo. Signora alijua na alimheshimu. Lakini siku moja alinisikia nahangaika kumweleza mhudumu mpya maana ya mchanganyiko, akaingilia akiwa anakatakata vitunguu. "Mwanangu, wewe hujaona watu wakipika udi? Utatia udi, utatia sandali, sukari, marashi mawaridi. Ukifukiza, mtu akinusa akisema 'hii sandali', basi umeharibu. Mtu aseme 'nyumba hii inanukia', basi." Akarudi kwenye vitunguu vyake. Mpaka leo sijapata maelezo bora kuliko hayo, na yametoka kwa mtu ambaye hajawahi wala hatawahi kuonja.

Sasa niseme kosa langu, maana nimekuwa nikijisifu.

Msimu wangu wa kwanza wa kushika kabati nilipanga chupa za ule mchanganyiko juu ya rafu iliyo karibu na mashine ya kahawa, zimesimama, zinapendeza, mgeni akiingia anaziona. Nikajua kwamba mvinyo mwekundu huwekwa na kunywewa kwenye joto la chumba, kila mtu anasema hivyo. Lakini chumba cha nani? Usemi huo ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya, chumba ambacho kwa kawaida hakikuzidi nyuzi 18. Chumba cha Malindi mwezi wa Februari ni 30 na zaidi, na pale kwenye mashine ya kahawa ni jehanamu. Baada ya wiki chache vizibo vya chupa kadhaa vilikuwa vimeinuka kidogo na kusukuma foili. Nikafungua moja. Zile zambarau zote zilikuwa zimepikwa. Ulinuka zabibu kavu zilizosahauliwa kwenye sufuria, na mwishoni ukakauka ghafla kama mto wa kiangazi. Chupa 11 zilikwenda jikoni kupikia mchuzi wa nyama. Signora hakupiga kelele, alinikata mshahara kidogo kidogo kwa miezi mitatu, akanionyesha namna ya kuzilaza kwenye chumba cha nyuma chenye kiyoyozi.

Tangu hapo mvinyo wa aina hii sitoi bila kuupoza. Huuweka kwenye friji, au kwenye ndoo yenye barafu na maji, ufike kama nyuzi 14 hadi 16. Ukiwa moto, pombe inatangulia na tunda linabaki nyuma. Ukiwa baridi kama soda, harufu inalala na ukakasi unaamka. Kuna wateja wanaoshangaa kuona mwekundu kwenye ndoo. Huwa nawaambia waonje kwanza. Na samaki? Wazee wa Kiitaliano watakuambia mwekundu na samaki ni haramu. Kwa mvinyo wenye ukakasi mkubwa ni kweli, samaki wenye mafuta huacha ladha ya chuma mdomoni. Lakini huu laini, uliopozwa, na changu wa kupaka mwenye nazi nzito na makaa kidogo kwenye ngozi, jaribu. Punguza tu pilipili, kwa sababu pilipili na asilimia 14 ya pombe zikikutana huwashana moto.

Kuna neno jingine lililonisumbua miaka, nalo ni "mkavu". Menyu zetu zilitafsiri hivyo: mvinyo mkavu. Kitu cha majimaji kitakuwaje kikavu? Mgeni mmoja wa Nairobi, bwana na mkewe, waliniambia wanataka kitu kitamu, si hizo kavu zinazokwaruza. Niliwaletea huu. Yule mama akanywa, akafurahi, akasema naam, hii ndiyo tamu. Nikaona nisimdanganye: nikamwambia sukari humo karibu hamna, hamira imeila yote. Hakuniamini. Nikamwomba, kwa adabu, azibe pua. Mumewe akacheka mpaka akapaliwa. Mama akaziba, akanywa, akaachia, akanitazama kama aliyeibiwa. "Sukari imekwenda wapi?" Haikuwapo, mama. Ni pua iliyozoea kwamba chenye harufu ya tunda bivu kina sukari, ikauambia ulimi uongo. Kwa lugha ya baba yangu hilo lingekuwa tembo kali, lile ambalo sukari yake imekwisha, dhidi ya tembo tamu la kutoka mtini. Siku hizi menyu yetu inasema "hauna sukari", na maswali yamepungua.

Unyweke wake una hatari, nami nililipa. Mkesha mmoja wa Krismasi, baada ya kufunga, mimi na mwenzangu tulifungua chupa yetu kila mtu, tukainywa tulivyozoea kunywa tembo, yaani kwa kiu. Haikuwasha, haikukwaruza, ikapita. Hesabu niliifanya siku ya pili, kichwa kikiwa kimefungwa kitambaa: chupa ni mililita 750, kwa asilimia 14 hiyo ni mililita 105 za pombe tupu. Tembo la kawaida tuseme asilimia 5. Nilikuwa nimemeza zaidi ya lita 2 za tembo kwa muda wa nyimbo tatu nne. Zamu ya Krismasi nilifika saa nane mchana. Sitaki kuikumbuka zaidi.

Chupa ya mwisho ninayotaka kuisimulia niliinunua mwenyewe, kwa bei ya wafanyakazi, nikaipoza usiku kucha, nikaifunga kwenye gunia lililoloweshwa maji na kupanda bodaboda hadi Ganda. Baba alikuwa chini ya mwembe na jirani zake wawili, mirija mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hicho nini?"

Nikamwambia ni tembo la zabibu. Glasi niliyomletea aliikataa, akachukua kata yake ya kifuu. Nikammiminia kidogo. Tone la kwanza akalimwaga chini, kama afanyavyo siku zote, la koma, mizimu ya wazee wetu. Kisha akanusa. Akanusa kwa muda mrefu kuliko mteja yeyote niliyewahi kumhudumia, macho yamefumbwa, kata imefunika pua yote. Akanywa. Akausukuma ulimini, akapiga mdomo mara mbili.

"Huyu mgema wake kasifiwa," akasema.

Jirani wakaangua kicheko. Mimi pia, ingawa iliniuma. Laini mno, alimaanisha, hivyo lazima umetiwa maji. Nikamweleza kwamba asilimia yake ni 14, karibu mara tatu ya lake, ataona baadaye. Hakujibu. Akanyoosha kata nimwongeze. Safari hii akaushikilia mdomoni, akatazama juu kwenye makuti kana kwamba anahesabu kitu.

"Hapana. Maji hakutia." Akanywa tena. "Kachanganya miti."

Sikuwa nimemwambia neno lolote la mchanganyiko. Nikamwuliza amejuaje. Akanionyesha kwa kidevu. Ule mnazi wa bondeni, akasema, tembo lake lina nguvu lakini linakata koo, hakuna mtu atakunywa kibuyu cha pili. Huu wa mlangoni mtamu wa kitoto, hauna kifua. "Ukiniletea watu mangweni niwape la mti mmoja, kesho hawaji. Nachanganya. Wewe ulidhani nafanya nini kule juu na madumu mawili?" Nilikuwa nimebeba madumu hayo utoto wangu wote.

Jirani mmoja akauliza bei. Nilipoitaja alikohoa, akarudi kwenye mrija wake. Baba na mimi tukaimaliza chupa polepole, jua likishuka nyuma ya mibuyu, na alipoinuka aliinuka kwa uangalifu, akashika shina la mwembe, akanitazama bila kusema kitu.

Chupa aliibakiza. Nilipokwenda tena mwezi uliofuata niliikuta jikoni kwa mama, karatasi yake ya Puglia bado imebandikwa, ndani siki ya mnazi. Mama aliitikisa, akainusa, akainyunyiza kwenye kachumbari.